Wenye mabango ya "Dini tatu, fundisho moja", acheni kukata aya katikati!

Wanajamvi, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Yale mabango yanayozunguka kila kukicha, juu yana msalaba, mwezi mwandamo na nyota ya Daudi, chini yana safu tatu za aya, yanaharibu jambo zuri. Uyahudi, Ukristo na Uislamu vina mafundisho ya pamoja, tena mengi na mazito. Lakini mtengeneza bango anakata aya nusu, anabandika namba isiyohusika, na watu wa dini zote tatu wanaitikia amina. Siku mmoja wao akifungua kitabu chake akakuta maneno hayako hivyo, anatupa yote, la kweli na la uongo.

Tuanze na zaka. Bango linasema "dini zote tatu zinaamuru asilimia 10". Si kweli! Kwenye Kiswahili kosa hili linapenya kirahisi kwa sababu neno ni moja. Mkristo akisema zaka anakusudia fungu la kumi. Mwislamu anakusudia asilimia 2.5 ya fedha, dhahabu au bidhaa za biashara zilizofika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu (wapo wanaopima kwa gramu 595 za fedha), zikakaa mwaka mzima wa mwandamo. Sehemu ya kumi ipo kwenye Uislamu, lakini ni ya mazao yaliyoota kwa mvua. Yakimwagiliwa kwa gharama ni asilimia 5. Kwa Wayahudi, fungu la kumi la kwanza lilikuwa la Walawi, na fungu la maskini lilitolewa mwaka wa 3 na wa 6 katika mzunguko wa miaka 7. Juu ya hapo pembe ya shamba haivunwi (Walawi 19:9), na Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, ikaweka kima cha chini, sehemu 1 kwa 60. Agano Jipya nalo? Katika Mathayo 23:23 Yesu anawakemea wanaolipa zaka ya mnanaa, bizari na jira huku wakiacha adili, rehema na imani. Paulo katika 2 Wakorintho 9:7 hataji kiwango chochote, anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni.

Kwa hiyo kinachofanana si kiwango. Kinachofanana ni kwamba maskini ana haki ndani ya mali yako. Qur'ani 70:24-25 inaiita "haki maalumu". Neno la Kiebrania tsedaka, ndugu wa sadaka yetu, linatokana na neno la haki. Bango lingeandika hilo lingetosha.

Sasa kosa linaloniudhi kuliko yote. "Kuokoa nafsi moja ni kuokoa watu wote", chini yake Qur'ani 5:32, na safu ya pili yameandikwa maneno yale yale na kuitwa "Torati". Hayamo kwenye vitabu vitano vya Musa! Yamo kwenye Mishna, Sanhedrini 4:5, mahali ambapo mashahidi wa kesi ya kifo wanaonywa kabla ya kusema neno. Na nakala zinatofautiana: zipo zinazosema "nafsi moja", zipo zinazosema "nafsi moja ya Israeli". Anayeinukuu bila kujua hilo ataumbuliwa na mtu wa kwanza mwenye nakala nyingine.

Upande wa Qur'ani, aya imekatwa kichwa na kiuno. Inaanza kwa kusema "Kwa sababu ya hayo tuliwaandikia Wana wa Israili", na katikati ina sharti: isiwe kwa kuua nafsi au kufanya ufisadi katika ardhi. Ukikata sharti, umebadilisha hukumu. Ukikata mwanzo, umepoteza johari yenyewe. "Kwa sababu ya hayo" ni hayo yapi? Rudi aya ya 27 hadi 31: ni wana wawili wa Adamu, mmoja akamuua mwenzake. Sasa fungua ile Mishna. Nayo imeanzia hapo hapo, kwa Kaini! Inashika Mwanzo 4:10, ambapo kwa Kiebrania damu ya ndugu imetajwa kwa wingi, "damu za ndugu yako", na kueleza kwamba ni damu yake pamoja na ya vizazi ambavyo vingetoka kwake. Halafu nenda 1 Yohana 3:12-15: msiwe kama Kaini, na kila amchukiaye ndugu yake ni mwuaji. Dini tatu zimesimama juu ya kaburi moja la Habili zikitoa onyo, na Qur'ani yenyewe inataja waziwazi kwamba amri ile waliandikiwa Wana wa Israili. Huwezi kupata ushahidi wa fundisho la pamoja ulio wazi kuliko huo, na ndio uliokatwa ili bango litoshe kwenye simu.

Halafu kuna yale ambayo mabango hayagusi kabisa. Chukua ujira wa kibarua. Walawi 19:13 inakataza ujira kulala kwako hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijachwa. Msomaji wa haraka anaona zinagongana. Mishna (Bava Metsia 9:11) inazipanga: aliyefanya kazi mchana anadai usiku wote, aliyefanya kazi usiku anadai mchana wote. Yaani tajiri ana muda mmoja tu mbele yake, basi. Mathayo 20:8, ilipofika jioni mwenye shamba la mizabibu anamwagiza msimamizi awaite wafanyakazi awalipe. Wahubiri wanakaa na ile dinari moja waliyolipwa wote, wanaipita ile jioni, kumbe yule bwana anatimiza Torati. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Kwa Waislamu, "mpeni mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka" iko kwenye kitabu cha hadithi cha Ibn Majah, na sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ina dosari. Anayetaka iliyo imara aichukue hadithi qudsi (maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume) iliyo kwenye kitabu cha Bukhari, watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyeajiri mtu, akafanyiwa kazi ikakamilika, asimlipe. Mbona hili halibandikwi?

Wenye mabango mko humu. Jibuni.

Jibu #2

Mkuu, nakuheshimu, ila watu wanatafuta amani na wewe unahesabu namba za aya. Ujumbe si umefika? Kuna ubaya gani kusema sote ni wana wa Ibrahimu?

Mwenye uzi, #3

Ndugu yangu, hata hilo bango la Ibrahimu limekosewa. Linaandika "dini zote zinafundisha kwamba Ibrahimu alimtoa Isaka". Mwanzo 22 inamtaja Isaka. Qur'ani 37:102-107 haimtaji mtoto kwa jina. Waislamu wengi wanasema ni Ismaili, ingawa Tabari, mfafanuzi mkubwa wa Qur'ani, alishika kauli ya Isaka. Ukimpelekea Mwislamu bango hilo hujajenga amani, umeanzisha ugomvi ambao haukuwepo. Andika kwamba zote tatu zinafundisha Ibrahimu alijaribiwa kwa mwanawe na Mungu akatoa badala yake. Hapo hakuna atakayekupinga, na hujadanganya mtu.

Jibu #4

Naunga mkono, na ongeza Amri Kumi. Nimeona "Amri Kumi, Qur'ani sura ya 17". Aya ya 22 hadi 39 zina mengi yanayolingana: kumwabudu Mungu mmoja, wazazi, zinaa, kuua, ahadi, na mizani ya haki ambayo iko pia Walawi 19:36. Lakini Sabato haimo. Qur'ani inaitaja kama sheria waliyopewa Wayahudi, tazama 16:124. Na hata Wakristo wenyewe hawahesabu sawa. Kwa Wakatoliki na Walutheri amri ya sita ni uzinzi, kwa Waprotestanti wengine wengi ni kuua. Ukiandika "amri ya sita" bila kutaja yenyewe, nusu ya wasomaji wanasoma kitu kingine.

Dawa ni ndogo. Kabla ya kubandika, soma aya tano nyuma na tano mbele, angalia nani anaambiwa, na kama kuna "isipokuwa" iache ilipo. Maneno ya Mishna yaite Mishna, ya hadithi taja mpokezi.

Jibu #5

Na ile ya mkono wa kushoto je? Mathayo 6:3, utoapo sadaka, kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Kwa Waislamu ipo kwenye hadithi ya watu saba watakaokuwa kivulini siku isiyo na kivuli kingine, mmoja wao ni atoaye sadaka kwa siri hata kushoto usijue kilichotolewa na kulia. Maimonide naye, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi, kwenye daraja zake nane za sadaka, anaiweka ya pili kutoka juu ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Hiyo ni salama kubandika?

Mwenye uzi, #6

Ni salama, tena ni nzuri mno. Angalia jambo moja tu: mapokezi yaliyomo kwenye kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim yamepindua mikono, kulia ndio haujui kilichotolewa na kushoto, na wanachuoni wameeleza kwamba mpokezi aliteleza. Chukua ya Bukhari, na uandike kwamba ni ya Bukhari.