Iringa: Jioni zetu za sanaa na maarifa zinajaza wanachuo tu. Wenyeji tuwapate vipi?

Mdau wa Kihesa (mleta mada)

Kamwene, wadau.

Kikundi chetu cha walimu na wanafunzi huandaa jioni za sanaa na maarifa hapa Iringa mjini: mashairi, ngoma, igizo fupi, mhadhara mmoja kuhusu historia au afya, na baada ya hapo mazungumzo ya wazi. Hatutozi kiingilio, na anayetaka chai na maandazi hununua kwa mama lishe pale getini. Mji wetu una Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, bila kuhesabu vyuo vya kati, kwa hiyo viti havibaki wazi. Kinachotusumbua ni kwamba wanaokuja ni wanachuo kwa wanachuo. Wakazi wa Kihesa, Mlandege, Mwangata na Ipogolo, ambao ndio tuliowakusudia tangu mwanzo, huja mmoja mmoja, husimama nyuma karibu na mlango, kisha huondoka kabla mazungumzo hayajaanza.

Tumezungusha gari la matangazo, tumeomba nafasi katika redio za hapa mjini, na tumebandika matangazo sokoni. Baadhi ya wenzangu wamefikia kusema kwamba wenyeji hawapendi mambo ya aina hii. Sikubaliani nao, kwa sababu watu haohao hujaza matamasha ya kwaya na hujaa Uwanja wa Samora kukiwa na mechi. Naomba mnisaidie kufikiri: tatizo ni wakati, ni mahali, au ni programu yenyewe? Pia tunataka kutoka ndani ya kuta za chuo na kutumia eneo la wazi, pengine hata Boma, lile jengo la makumbusho, hivyo mwenye uzoefu wa vibali atufafanulie.

Mwalimu Mstaafu, Mlandege

Ndugu mleta mada, nimefundisha katika mji huu hadi nikastaafu, na kwa maoni yangu kiini cha tatizo ni kwamba ninyi mnafuata kalenda ya chuo wakati mji unafuata kalenda ya shamba. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Julai, na huo ndio muda ambao kikundi chenu kina nguvu, hasa bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likiwa limetoka. Sasa mtazame mkazi wa Mlandege katika miezi hiyohiyo. Mvua za kwetu ni za msimu mmoja, huanza Novemba na kuishia Aprili au Mei; mahindi hupandwa mvua zinapoanza, palizi hufuata, mbolea ya kukuzia hufuata, na hata mtumishi wa ofisini ana ekari zake Kilolo au Ismani ambazo humlia Jumamosi nzima. Akirudi jioni na matope kwenye buti, haendi kusikiliza mhadhara. Ataoga, atakula, na kama ni msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mnajua atakakoelekea.

Miezi ambayo watu wetu wana nafasi, tena wana chochote mfukoni, ni kuanzia Juni hadi Septemba, mahindi yakiwa yamevunwa. Huo ndio msimu wa harusi, wa ngoma na wa matamasha ya kwaya, na ndio msimu ambao ninyi mko kwenye mitihani au mmekwisha panda basi kwenda makwenu.

Tena zitazameni tarehe ambazo mji huu unazikumbuka. Jeshi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikivunja kikosi cha Wajerumani cha Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Mkwawa alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani, na fuvu lake lilirudishwa tarehe 19 Juni 1954 na Gavana Twining, likahifadhiwa Kalenga, ambako hadi leo lipo kwenye makumbusho. Tarehe zote tatu zimo katika kiangazi. Mhadhara wa historia wa mwezi wa pili hauwezi kushindana na palizi, ila mhadhara huohuo ukiwekwa jirani na tarehe 19 Juni, wazee watakuja hata bila gari la matangazo, maana habari hiyo ni ya babu zao.

Kuhusu saa: nimeona matangazo yenu yanaandika saa kumi na mbili jioni, maana yake mnaanza saa moja na mnamaliza saa tatu usiku. Saa hizo daladala za kushuka Ipogolo zimekwisha pungua na bodaboda wamepandisha nauli. Mwanachuo anarudi hosteli kwa miguu huku akicheka na wenzake, lakini mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kufanya hivyo, tena katika mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya Juni si ya mchezo. Anzeni mchana. Na Jumamosi jioni kwaya nyingi zina mazoezi, kwa hiyo siku hiyo mnajinyima wenyewe waimbaji pamoja na familia zao.

Dada wa Uyole

Shikamoo, mwalimu. Kuhusu msimu nakubaliana nawe kabisa, lakini naona programu yenyewe umeipitisha kirahisi mno. Hata mkiweka tukio Agosti saa nane mchana, mwenyeji ataondoka kabla ya mazungumzo ikiwa kazi yake pale ni kuwa pambo.

Nilisoma Iringa kabla ya kuhamia Mbeya, na nitasimulia tukio moja la chuo, ambacho sitakitaja, ili nieleweke. Waandaaji walimwalika mzee mmoja mpiga ligombo. Kwa wasiolijua, ligombo la Wahehe ni ubao wenye mfereji, uzi ukiwa umevutwa juu yake kwenda na kurudi, na kibuyu cha kukuzia sauti. Mlio wake ni mdogo, na mpigaji huimba kwa kusimulia, taratibu, akijenga kisa chake. Kijana wa vyombo alimwekea mzee kipaza sauti mdomoni huku ligombo likilia chini mapajani pake, kwa hiyo sisi tuliokaa nyuma tulisikia pumzi zake zaidi ya nyuzi. Mshereheshaji alikuwa amempangia dakika tano. Dakika hizo zilipokwisha, mzee alikuwa bado anawataja watu na koo zao, hajaingia katika kisa chenyewe; mshereheshaji akapiga makofi, ukumbi ukaitikia, mzee akashukuru na kushuka. Waliomfuata walikuwa vijana waliopewa robo saa kila mmoja kuimba juu ya muziki uliotoka kwenye flashi. Wazee wenzake waliokuja kumsindikiza walitoka pamoja naye, na sidhani kama kuna mwandaaji aliyegundua. Baadaye ukaja mhadhara wa afya ambao nusu yake ilikuwa Kiingereza.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta mada ni hili: kwenye kamati yenu yumo mwenyeji yeyote anayeweza kukataa jambo? Sisemi wa kualikwa siku ya tukio na kuketishwa mbele na chupa ya maji. Nasema wa kupanga nani apande jukwaani, kwa muda gani, na kwa lugha gani.

Hapa Mbeya vyuo vimetawanyika, MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) iko Iyunga na TEKU (Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji) iko Block T, kwa hiyo tukio la chuo kimoja linaweza kupita bila mji kujua. Ninayoyaona yakivuta watu wa mtaani ni yale ambayo kwaya za mitaa zina zamu jukwaani, kwa sababu kila mwanakwaya huja na mume au mke, watoto, na jirani mmoja. Fikirieni pia maonesho ya wakulima ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale. Vyuo vingi viko likizo, lakini viwanja hufurika, kwa kuwa mtu anakuja kuona mbegu na ng'ombe wa maziwa, anauliza maswali yake kwa mtaalamu uso kwa uso, kisha anabaki kutazama ngoma akiwa na mshikaki mkononi. Hakuna anayemwambia kwamba sasa ni muda wa maarifa na sasa ni muda wa burudani.

Mratibu wa Majukwaa

Mimi nitajibu upande wa vibali tu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoizoea.

Mlango wa kwanza ni ofisi ya utamaduni ya Halmashauri ya Manispaa. Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na huku kwetu mnayekutana naye ni afisa utamaduni wa halmashauri. Andikeni barua inayoeleza nani anaandaa, tukio ni la aina gani, wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na mnatarajia watu wangapi. Nakala ipelekeni serikali ya mtaa husika, na nyingine kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ikiwa mnatoka nje ya kuta za chuo. Mwenyekiti wa mtaa msimruke, kwani yeye ndiye atakayepigiwa simu na majirani sauti ikizidi.

Igizo lina habari yake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inagusa uoneshaji wa filamu mbele ya hadhira na pia maigizo ya jukwaani, kwa hiyo muulizeni afisa utamaduni mapema kama programu yenu inahitaji kupita Bodi ya Filamu. Vikundi vya chuo hudhani kwamba igizo la dakika ishirini ni sawa na shairi, na hapo ndipo hukwama. Kadhalika muziki wa wasanii wanaojulikana: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailegezwi na ukweli kwamba mmenunua wimbo au mmeupakua kwenye simu, kwa sababu kuupiga mbele ya umma ni haki nyingine. Mkitumia wapigaji wenu wenyewe na nyimbo zao wenyewe, mzigo huo unapungua sana, na kwa mtazamo wangu tukio linakuwa bora pia, kama alivyodokeza dada wa Uyole.

Boma ni jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Zungumzeni na uongozi wake kuhusu mahali pa jukwaa na pa spika, na msitarajie kugongelea hata msumari mmoja ukutani. Barua zote hizi zianze kutembea mwezi mzima kabla.

Mpita Njia wa Mwangata

Naongeza jambo moja tu ambalo hamjaligusa. Iringa kuna Neema Crafts, ambao tangu mwaka 2003 wamekuwa wakiwafundisha na kuwaajiri watu wenye ulemavu, na katika mgahawa wao wahudumu viziwi huchukua oda bila shida yoyote. Mji uliozoea hivyo una wakazi viziwi ambao wangependa kufuatilia shairi au mhadhara, lakini sijaona tangazo lenu hata moja linalotaja mkalimani wa lugha ya alama. Ukumbi mnaoupenda pia una ngazi, na kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Mkihamia eneo la wazi, la pili litakuwa limejitatua, la kwanza bado.

Mdau wa Kihesa (mleta mada)

Nawashukuru wote. Kamati yetu, dada, haina mwenyeji hata mmoja wa aina unayoisema. Tuna mlezi kutoka chuoni na wanafunzi. Hilo tutalibadilisha kabla ya jambo lingine lolote, na nimekwisha mwandikia katibu wa kwaya moja ya Kihesa.

Mwalimu, naomba nikubishie kidogo kuhusu Juni. Hicho ndicho kipindi ambacho wanafunzi wanajiandaa kwa mitihani ya mwisho wa muhula, na walimu wao wanasahihisha majaribio. Nikiwaambia wabebe viti na kusimamia geti wiki hiyo, sitapata mtu, na wazazi wao wakisikia watanilaumu. Kama wanaofanya kazi wote ni wanachuo, tarehe hiyo itatuangusha.

Mwalimu Mstaafu, Mlandege

Umebisha vizuri, na jibu liko katika barua uliyokwisha iandika. Juni msiwape wanachuo viti wala geti. Kazi hiyo waachieni wanakwaya na vijana wa mtaa, ambao kila mwaka huandaa harusi za watu wengi kuliko hao bila mafunzo yoyote. Mwanachuo aje alasiri moja kama msikilizaji, asikilize mzee wa ligombo kwa nusu saa kamili, kisha arudi kwenye vitabu vyake. Tukio la Oktoba ndilo liwe lenu kuliandaa, mvua zikiwa hazijashika na wanafunzi wapya wakianza kuingia mjini wakiwa hawaijui hata njia ya sokoni.

Mawili kwa mwaka yanatosha kwa kuanzia, badala ya hayo mengi yanayowachosha. Kwa la Juni chagueni Jumapili baada ya ibada, mwanzo saa nane mchana, mwisho saa kumi na moja na nusu, ili wa Ipogolo wawahi daladala kabla giza halijaingia. Katibu wa kwaya mwombeni tarehe kuanzia sasa, kwani Jumapili za kiangazi hujaa mialiko mapema, na mwulizeni pia kuhusu vipaza sauti: kwaya nyingi zina fundi anayejua kuviweka chini kwenye chombo.