Ufaulu umepaa ila wanafunzi wanapungua, hii shule niiamini?

MzaziMakini: Wadau naombeni mawazo. Kuna sekondari ya serikali kwenye mji mdogo, nataka kumpeleka kijana pale. Mwaka juzi matokeo yalikuwa mabaya, mwaka jana yakapanda ghafla mpaka nikashangaa, ila wanafunzi wanapungua kila mwaka. Kama shule imekuwa nzuri hivyo watu wanakimbia nini?

ChakiNyeupe: Mkuu kabla hujashangilia hiyo asilimia uliza waliofanya mtihani ni wangapi. Chukulia watahiniwa 40, wakifeli wanne ufaulu ni 90%, mwaka unaofuata wakifeli wanane imeshuka 80% na kila mtu anamsema mkuu wa shule, kumbe tofauti ni watoto wanne tu. Kwenye shule ya watahiniwa 400 hao wanne ni asilimia moja, nani atashtuka? Ndo maana shule ndogo unazikuta juu kabisa na mkiani kabisa kwenye orodha, mwakani zimebadilishana. Hata wenye hela zao wameshajikwaa hapo, taasisi ya Bill Gates na mkewe wa wakati huo ilimwaga hela nyingi Marekani kuanzisha sekondari ndogo, halafu kwenye barua yake ya 2009 akaandika mwenyewe kwamba nyingi hazikuinua ufaulu kwa kiasi cha maana. Chukua miaka mitano, jumlisha waliofaulu wote gawa kwa waliofanya wote.

Bint_Hesabu: Nyongeza, linganisha walioanza kidato cha kwanza na waliokaa kwenye mtihani wa mwisho. Dhaifu wakiacha shule njiani au wakikaririshwa, ufaulu unapanda bila mwalimu kufanya chochote. Marekani kiwango cha kumaliza sekondari wanakihesabu kuanzia kundi lililoingia darasa la tisa, wanatolewa walioonyesha wamehamia kwingine, waliohama nchi na waliofariki, ila aliyeacha tu anabaki kwenye hesabu.

mzee wa ratiba: Kupungua sio lazima wanaikimbia, mji ajira zikiisha vijana wenye watoto wanahama, shule haina kosa. Shida inakuja baadaye, maana sehemu nyingi bajeti inafuata idadi ya vichwa, ila darasa la watoto 12 linataka mwalimu yuleyule wa darasa la 35. Wanaanza kubana, unakuta mwalimu wa hesabu kabebeshwa na fizikia juu, somo la watoto watano linafutwa kimyakimya. Omba ratiba ya vipindi uone kila somo lina jina la mwalimu, mi naiamini hiyo kuliko matokeo.

MzaziMakini: Asanteni, kumbe nilikuwa naangalia namba nusu. @ChakiNyeupe miaka mitano si mingi? Mkuu wa shule amebadilishwa katikati hapo.

ChakiNyeupe: Basi gawa, kabla yake na baada yake. Ila kama ana mwaka mmoja tu pale usimpe sifa bado, wala lawama.

mzee wa ratiba: Na kijana anataka masomo gani? Kama ni sayansi ulizia maabara kwanza.