Amemfutia mdogo wangu jibu sahihi la masi ya heli mbele ya darasa zima

Ndugu wanajukwaa, yule mwalimu wa tuisheni wa Mwenge, ambaye nusu ya jiji hili imepita mikononi mwake na sina haja ya kumtaja, jioni hii amefuta jibu la mdogo wangu ubaoni kwa nguvu za kubomoa ukuta. Amelifuta, na lilikuwa sahihi!

Swali lilihusu isotopi (aina ya atomu inayotofautiana na nyingine za elementi hiyohiyo kwa idadi ya nyutroni) ya heli-4. Binti alijumlisha protoni mbili, nyutroni mbili na elektroni mbili akapata 4.0330 kwa kipimo cha masi za atomu, kisha akaandika kwamba masi inayopimwa ni 4.0026, kwa kuwa chembe zinaposhikamana katika kiini hutoa nishati, na nishati hiyo huondoka na sehemu ya masi. Mwalimu akamuuliza kama amewahi kuona gunia la viazi likawa jepesi kuliko viazi vilivyomo, darasa likaangua kicheko, naye akafuta. Einstein alieleza uhusiano wa masi na nishati mwaka 1905, na huyu bado anafuta! Tena alifuta kwa kiganja, hata kifutio hakukitafuta.

Kinyozi wa Sinza: Mkuu, yaani 0.0304 ndiyo inayokunyima usingizi?

Mleta uzi: Ndiyo. Upungufu wa namna hiyohiyo ndio unaoliwasha jua linalotuchoma hapa Dar. Na amefuta kwa kiganja!

Mama Tegeta: Afadhali wenu. Wa Mbagala alimwambia mwanangu kwamba masi ya klorini ni 35.5 kwa sababu atomu yake ina nusu nyutroni, wakati hiyo ni wastani tu wa klorini-35, ambayo ni takribani robo tatu ya klorini yote, na klorini-37.

Mzee wa Vikokotoo: Huyo wa Mbagala namfahamu vizuri. Alitufundisha kwamba kaboni-12 ina masi ya 12 kamili kwa sababu protoni na nyutroni zina 1 kamili kila moja, ilhali zote mbili huzidi 1, na ile 12 ni kamili kwa sababu kipimo chenyewe kimewekwa kwa kaboni hiyo.

Kinyozi wa Sinza: Huyo wa Mbagala bado anatoza kwa mwezi?

Mama Tegeta: Siku hizi ni kwa somo, nami nimeshalipa mpaka Desemba.