Fizi zinazotoka damu na kusahau kwa wazee

Swali: Mama yangu ana miaka 74. Fizi zake zimekuwa zikitoka damu kwa miaka mingi, na siku hizi huuliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa. Je, ni kweli kwamba ugonjwa wa fizi huleta shida ya akili uzeeni?

Jibu: Pole, ndugu. Uhusiano umeonekana, ila haujathibitishwa kuwa ndio chanzo. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba vimeng'enya vya bakteria wa fizi aitwaye Porphyromonas gingivalis vilikutwa katika ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha shida ya akili uzeeni. Hata hivyo, dawa iliyobuniwa kuvizuia vimeng'enya hivyo haikufikia malengo makuu ya jaribio lake mwaka 2021, na tangu hapo nami nimekuwa mwangalifu zaidi.

Jibu: Yawezekana pia mambo yakawa kinyume. Baba mkwe wangu alitangulia kusahau, kisha tukagundua kwamba mswaki wake hukaa mkavu siku nzima, ilhali yeye anaapa ameshautumia. Fizi zikafuata kuvimba.

Jibu: Mpeleke mama kwa daktari wa meno aondolewe ugaga, kwani fizi hizo zinahitaji tiba hata kama hazihusiani na kumbukumbu. Kusahau nako kuchunguzwe peke yake, maana upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri au sonona huweza kuleta usahaulifu, na yote hayo yanatibika.

Muulizaji: Ahsanteni. Sikuwahi kuufikiria mswaki mkavu. Nitautazama jioni hii.