Yule mama wa Marekani aliyepiga kura ya hapana peke yake, aliwezaje kurudi bungeni?

Kijana_wa_Nkuhungu:
Mbukwenyi wakuu. Juzi kijiweni hapa Nkuhungu jamaa mmoja katuambia baada ya yale mashambulizi ya Septemba 2001 Bunge la Marekani lilipiga kura ya kumpa rais ruhusa ya vita, wabunge 420 wakasema ndiyo, akasema hapana mtu mmoja tu, mama anaitwa Barbara Lee. Sasa kwao wabunge wanachaguliwa kila baada ya miaka 2, nchi nzima ina hasira, mwaka unaofuata tu anarudi kwa wananchi na wanampa tena, na tena. Imekaaje hii? Na ukiacha hiyo kura alikuwa anapigania nini hasa?

Babu_AreaC:
Mkuu huyu mama alianzia chini, alikuwa mfanyakazi kwenye ofisi ya Ron Dellums, mbunge wa mji wa Oakland, California, halafu akawa kwenye bunge la California, Dellums alipoachia kiti 1998 ukafanyika uchaguzi mdogo akashinda, katoka Januari 2025. Kwa hiyo watu wake walimjua kabla ya hiyo kura. Na alichokataa si kuwashika wahalifu, alikataa azimio fupi sana linalompa rais ruhusa ya vita bila kutaja nchi wala mwisho. Alitishiwa kuuawa mpaka akawekewa walinzi. Ila hakulegea, kila Bunge jipya anarudi na hoja ile ile, mpaka Juni 2021 wenzake wakapitisha muswada wake wa kufuta ruhusa nyingine, ya vita vya Iraq ya 2002, kura 268 kwa 161. Miaka yote hiyo anasukuma jambo moja, mimi namvulia kofia.

MamaMpwapwa:
Mimi niongelee UKIMWI maana hilo limeingia nyumbani kwetu. 2005 shangazi yangu tulimpeleka kliniki amekaa nyuma ya baiskeli tumemfunga na kanga asidondoke, wakati huo dawa za bure ndo zimeanza anza huku. Hizo dawa kwa sehemu kubwa zilikuja na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, sheria yake aliisaini Rais Bush 2003 na Tanzania ikawa kwenye nchi za mwanzo kabisa, na Barbara Lee ni mmoja wa walioiandika. Yani rais yule yule aliyempinga kwenye vita, kwenye dawa wakafanya kazi pamoja. Kabla ya hapo, 2000, alishapigania sheria ya mfuko wa UKIMWI kupitia Benki ya Dunia. Halafu alisukuma pia ile sheria ya kumzuia mwenye VVU kuingia Marekani ifutwe, ikafutwa 2008, zuio lenyewe likaisha 2010. Shangazi mpaka leo kopo lake analijaza pamba vidonge visilie kwenye basi, so najua kubaguliwa kunaumaje, na huyo mama aliliona hilo akiwa mbali huko.

Zabibu_Hombolo:
Naongezea tu, hakukaa kwa viti maalum, ni jimbo, anaomba kura mwenyewe. Kwetu nikimtafuta wa kumlinganisha naye kwa kudumu ni mama Anne Makinda, kaingia bungeni 1975, Spika 2010, mwanamke wa kwanza. Mabinti wa UDOM wangesoma habari za hawa wawili.

Kijana_wa_Nkuhungu:
Aisee asanteni, hilo la dawa kijiweni hakuna aliyelijua, kesho nawaambia. Kwa sasa amepumzika?

Babu_AreaC:
Wapi! 2024 aligombea Seneti akakosa kwenye mchujo, 2025 wakamchagua meya wa Oakland, na alizaliwa 1946.

Kijana_wa_Nkuhungu:
Duh. Na shangazi anaendeleaje, MamaMpwapwa?

MamaMpwapwa:
Mzima kabisa, saa hizi yuko shamba anapalilia karanga. Jumatatu anakwenda kuchukua dawa za miezi 6.