Tupeane uzoefu: waliofuga samaki wa neoni nyumbani, wako wapi sasa?

Kijana wa Lanet: Leo nimepita kwa muuza samaki wa mapambo hapa Nakuru, nikaona neoni na ule mstari wao wa buluu. Moyo ukaniuma. Mwaka jana nilinunua 10, nikawamwaga kwenye tangi siku hiyohiyo. Wiki ya pili nilikuwa na mmoja. Nani mwingine amezika?

Mama wa Kondele: Mimi. Sita. Nisiulizwe zaidi.

Fundi Shabab: Haraka ndiyo iliyowaua. Tangi jipya hulitii samaki siku hiyohiyo, kwanza unawasha filta wiki 4 hadi 6 ukitia chakula kidogo, bakteria wazaliane. Wao ndio hugeuza amonia ya mavi ya samaki. Na usiwahi kuosha sponji ya filta na maji ya mfereji, klorini inawamaliza. Suuza na maji ya tangi lenyewe.

Kijana wa Lanet: Mimi niliosha na Omo 😭

Fundi Shabab: Basi kesi imeisha.

Nyuki wa Free Area: Mnakumbuka ile Ijumaa ya Agosti 2023 nchi nzima ilipozima? Nilikuwa na neoni 14. Saa nne usiku filta kimya, hita kimya, na baridi ya Nakuru mnaijua. Maji yalikuwa nyuzi 25, kufika saa nane yakawa 20. Nikachemsha maji kwa gesi, nikajaza chupa za soda, nikazitia tangini zikielea. Tangi lenyewe nikalifunika blanketi la mtoto, mtoto nikamfunika leso. Hewa je? Nikachukua kikombe, nachota, namwaga kutoka juu, nachota, namwaga. Mume wangu akaamka, akanitazama na tochi ya simu, akarudi kulala bila neno. Kumekucha mkono haunyanyuki. Walikufa wawili. Hao 12 niliwalilia kwa furaha.

Mama wa Kondele: Na mtoto?

Nyuki wa Free Area: Alipata mafua tu.

Baba Dunga: Mateso ya nini na samaki wa Amazon? Ziwa Victoria kuna fulu, samaki wadogo wa hapa kwetu, wana rangi, bure.

Mwalimu Kakamega: Bure kweli. Niliweka fulu dume mmoja na neoni 8. Asubuhi fulu ameshiba, neoni sufuri.

Baba Dunga: Ulimnyima chakula.

Mwalimu Kakamega: Alikula kuliko mimi! Fulu anatetea eneo lake, neoni hana ugomvi na mtu. Usiwachanganye.

Nyuki wa Free Area: Sasa nimenunua pampu ya hewa ya betri. Nyumba inaweza kukosa sukari, betri hazikosi.

Baba Dunga: Kisumu hatuhitaji hita, njooni mhamie.

Fundi Shabab: Pia maji ya visima vyetu yana magadi, na floraidi inayotutia meno kahawia. Neoni anapenda maji yenye asidi kidogo. Mimi nachanganya na ya mvua.

Mama wa Kondele: Yangu ni ya mfereji, nayalaza siku nzima kwenye ndoo wazi.

Fundi Shabab: Na bado walikufa sita.

Mama wa Kondele: Nilisema nisiulizwe.

Kijana wa Lanet: Kwa hiyo ninunue ama nisinunue?

Mwalimu Kakamega: Nunua gapi, hao hata ukiwatukana wanazaa.

Nyuki wa Free Area: Yule mmoja aliyebaki, bado yuko?

Kijana wa Lanet: Yuko. Amejibanza nyuma ya filta, hatoki.

Nyuki wa Free Area: Neoni ni samaki wa kundi, peke yake anaishi kwa hofu. Kesho mletee wenzake watano. Na Omo uiweke mbali.