Tupeane uzoefu: mpaka wa nje wa Ulaya ulikukuta wapi?

Msafiri Mkavu: Juzi nilikuwa nikimsaidia mdogo wangu kujaza fomu ya viza ya Schengen, ile viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, na tulipofika kwenye bima ya matibabu ya kuanzia euro 30,000 nikakumbuka jinsi nilivyozuiwa mwenyewe mwaka 2019, tena si Ulaya, bali kwenye kaunta ya ndege, kabla hata begi langu halijapimwa. Viza nilikuwa nayo. Mfanyakazi aliinua pasipoti yangu kwenye mwanga, akaipiga picha kwa simu, akamtumia mtu nisiyemjua, na jibu lilipokuja ndege ilikuwa imekwisha kuondoka. Je, wenzangu mpaka uliwakuta wapi?

Karani wa Zamu: Nimekaa kwenye kaunta kama hizo miaka 6, na naomba tusilaumiwe bure. Kwa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001, shirika linalompeleka abiria asiye na hati halali hutozwa maelfu ya euro kwa kila kichwa, na juu ya hayo hugharamia kumrudisha. Sikuwa askari, ila nilipewa kazi ya askari bila mshahara wake.

Msafiri Mkavu: Hati zangu zilikuwa halali, ndugu yangu, kwa hiyo faini hiyo ingetoka wapi?

Karani wa Zamu: Hata za bandia huja na wenyewe wakiapa hivyo hivyo.

Mvuvi wa Usiku: Mimi ulinikuta baharini mwaka 2018. Tulikuwa tumetoka ufukwe wa Libya usiku katika boti ya mpira, na kulipopambazuka ndege ndogo nyeupe ilituzunguka mara mbili juu juu, tukaivulia mashati na kuyapunga, wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu tuliamini kwamba aliyetuona ndiye atakayetuokoa. Ndege iliondoka. Baada ya muda mrefu ikaja meli ya doria, wakatupandisha bila kusema neno, wakatupa maji, na wengine wakaanza kuwaombea dua. Kijana aliyekuwa amekabidhiwa dira aliitazama, akaitikisa, akaitazama tena, kisha akasema neno moja tu: "Kusini." Wawili waliruka baharini papo hapo, na mmoja wao hakupatikana. Njaa ya kizuizini niliizoea baadaye, lakini vigelegele vile mpaka leo sivipendi hata harusini.

Mama wa Watatu: Pole sana. Ndege ile naijua.

Wakili Mchovu: Msomaji asidhani kwamba hilo lilikuwa bahati mbaya ya siku moja. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Hirsi Jamaa, iliamua kwamba Italia ilivunja haki za Wasomali na Waeritrea iliowarudisha Libya mwaka 2009 kwa meli zake yenyewe. Februari 2017 Italia ikatia saini makubaliano na Libya, ikawapa walinzi wa pwani wa huko boti na mafunzo, na tangu hapo anayerudisha watu ni mwingine.

Mlinda Lango: Hata hivyo kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Hata kwako mgeni hupiga hodi.

Msafiri Mkavu: Hodi yenyewe ya viza inauzwa euro 90 tangu Juni 2024, na usipofunguliwa hazirudishwi.

Mlinda Lango: Basi usipige.

Kidole Gumba: Tusigombane. Mimi nilichukuliwa alama za vidole Italia, nikaomba hifadhi Ujerumani, wakataka kunirudisha Italia kwa Kanuni ya Dublin, ile ya Umoja wa Ulaya inayoamua nchi ipi ishughulikie ombi la hifadhi, mara nyingi ile uliyoingilia kwanza. Wenzangu walinishauri nijifiche miezi 6 ili muda wa kunirudisha uishe.

Wakili Mchovu: Ushauri huo ulikuwa wa hatari, kwa sababu kanuni hiyo ya mwaka 2013 iliruhusu muda huo kuongezwa hadi miezi 18 kwa aliyetoroka. Afadhali kukata rufaa mapema, na hata aliyenyimwa viza asome karatasi ya kukataliwa, kwani sababu na haki ya rufaa huandikwa humo.

Kidole Gumba: Mwingine alinishauri nioe.

Mama wa Watatu: Mvuvi, yule kijana wa dira aliishia wapi?

Mvuvi wa Usiku: Tulitenganishwa langoni siku ileile. Dira walimnyang'anya.